Rekodi za Polisi na Mahakama: Ziko Wapi, na Mkazi Aziombe Vipi

Chukua mfano huu. Mama anayeuza samaki Mtwapa anagongwa na pikipiki akivuka barabara ya Mombasa–Malindi. Anavunjika mguu. Wasamaria wema wanamkimbiza hospitalini, jamaa zake wanashughulikia dawa, na pikipiki inapelekwa kituo cha polisi. Miezi minane baadaye, anapotaka kudai fidia kutoka kwa kampuni ya bima, anaulizwa: "Nambari ya OB ni ngapi?" Hana. Hajui afisa aliyeandika taarifa yake ni nani, wala kama iliandikwa.

Huenda rekodi ipo. Anachokosa ni njia ya kuifikia, na siku zinasonga. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, madai ya fidia ya majeraha kama hayo yanafaa kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 3. Anayeidai serikali, kwa mfano aliyegongwa na gari la umma, ana miezi 12 pekee.

Makala haya yanaeleza rekodi za polisi na za mahakama zinakaa wapi, mkazi wa Kaunti ya Kilifi aziombe kwa njia gani, na afanye nini akinyimwa.

Nani anashika nini

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, polisi na mahakama ni majukumu ya serikali ya kitaifa. Mkazi anayekwenda ofisi ya wadi au ya gavana kuulizia faili ya kesi ataelekezwa kwingine, kwa sababu kaunti haiishiki. Safari hupungua ikijulikana mapema mlango wa kubisha:

Kituo cha polisi: kitabu cha matukio (OB), abstrakti ya polisi, fomu ya P3.

Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI): cheti cha tabia njema.

Masjala ya mahakama: faili ya kesi, mwenendo wa kesi, hukumu na amri za mahakama.

Serikali ya kaunti: kumbukumbu za matibabu katika hospitali zake, leseni za biashara na rekodi za idara zake nyingine.

Mama wa mfano wetu atahitaji milango mitatu: kituo cha polisi, hospitali aliyotibiwa na, shauri likifika huko, mahakama.

OB ndiyo mwanzo wa kila kitu

Kila taarifa inayopigwa kituoni inafaa kuandikwa katika kitabu cha matukio na kupewa nambari. Kwa kawaida nambari hiyo hubeba tarehe ndani yake. Kwa mfano, OB 23/15/6/2023 ni taarifa ya 23 iliyoandikwa tarehe 15 Juni 2023. Anayepiga ripoti asiondoke kwenye kaunta kabla ya kupewa nambari hiyo. Aiandike mahali pawili, kwenye karatasi na kwenye simu, pamoja na jina la kituo na la afisa aliyemhudumia.

Je, kama nambari imepotea au haikuchukuliwa? Mhusika arudi katika kituo kinachosimamia eneo la tukio, sio kituo kilicho karibu na nyumbani kwake. Abebe kitambulisho na aeleze tarehe, saa ya kukadiria, mahali na majina ya waliohusika. Tarehe ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu kitabu hupekuliwa siku baada ya siku. Asiyeikumbuka anaweza kuitoa kwenye kadi ya hospitali au kwenye ujumbe wa simu aliotumiwa siku hiyo. Akikwama kwenye kaunta, aombe kumwona mkuu wa kituo, yaani OCS.

Abstrakti, P3 na cheti cha tabia njema

Hati hizi tatu huchanganywa mara nyingi, ilhali kila moja ina kazi yake.

Abstrakti ya polisi ni muhtasari unaothibitisha kuwa taarifa ilipokewa. Huhitajika mtu anapopoteza kitambulisho, hati ya ardhi au kadi ya benki, na pia anapodai bima baada ya ajali. Ile ya ajali huonyesha magari yaliyohusika, madereva, bima na walioumia. Mhusika aisome kabla ya kuondoka kituoni. Jina likikosewa, au nambari ya usajili ikipungua herufi moja, kosa hilo linaweza kuzuia madai.

Fomu ya P3 ni ushahidi wa majeraha. Hutolewa na polisi bila malipo, kisha hujazwa na daktari au afisa wa kliniki. Kwa hivyo ni lazima ilingane na kumbukumbu za hospitali. Aliyetibiwa katika hospitali ya kaunti abebe kadi na karatasi zote za matibabu, zikiwemo picha za eksirei. Anayejaza fomu miezi kadhaa baada ya jeraha kupona hutegemea karatasi hizo kuliko macho yake. Nakala ya P3 iliyojazwa ihifadhiwe nyumbani kabla ya fomu yenyewe kurudishwa kituoni.

Cheti cha tabia njema hutolewa na DCI. Ombi huanzia kwenye mtandao wa eCitizen, ada hulipwa huko huko, fomu ya C24 huchapishwa, kisha mwombaji huenda kuchukuliwa alama za vidole, kwa mfano katika kituo cha Huduma. Asiyetumia intaneti anaweza kusaidiwa katika kituo cha Huduma badala ya kumpa mtu asiyemjua nambari zake za siri.

Ambayo polisi hawatatoa

Si kila karatasi iliyo kituoni inaweza kutolewa kwa anayeiomba. Uchunguzi ukiendelea, taarifa za mashahidi na faili ya mpelelezi hazitolewi kwa yeyote anayepita. Majina ya watoto na ya waathiriwa wa makosa ya ngono hulindwa. Jirani hana haki ya kusoma habari za faragha za jirani mwenzake kwa kuwa tu ana hamu ya kuzijua.

Lakini wahusika wana haki zao. Mshtakiwa, chini ya Kifungu cha 50 cha Katiba, anafaa kuelezwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautegemea na kuweza kuufikia ipasavyo. Mwathiriwa naye analindwa na Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014, na anaweza kuuliza kesi yake imefika wapi. Kesi ikishafikishwa kortini, swali hilo huulizwa pia katika Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (ODPP).

Mahakamani: ulizia masjala

Kila mahakama ina masjala, ofisi inayotunza faili. Kabla ya kwenda, mkazi ajue kesi ilisikizwa katika mahakama ipi. Kesi nyingi za jinai na za madai huanzia kwa hakimu. Mirathi, ndoa na talaka za Waislamu huweza kuwa katika Mahakama ya Kadhi. Mizozo mikubwa ya ardhi huenda iko katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyo na kituo Malindi. Faili ya Kaloleni haitapatikana Malindi isipokuwa imeitishwa huko kwa rufaa au imehamishwa.

Nambari ya kesi huonyesha aina ya kesi, nambari yenyewe na mwaka. Nambari inayoanza na herufi E ni ya kesi iliyosajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki. Mfumo huo ulianza Nairobi Julai 2020 na kufikishwa katika mahakama kote nchini Machi 2024. Asiye na nambari ampe karani majina kamili ya pande zote mbili na mwaka wa kesi. Nambari hiyo huandikwa pia kwenye hati ya wito, stakabadhi ya dhamana au ya faini, na kwenye orodha ya kesi za siku.

Anayetaka kusoma hukumu, hasa za Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Upeo, huenda asihitaji kusafiri. Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria huzichapisha bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law, na zinaweza kutafutwa kwa jina la mhusika. Hukumu nyingi za mahakimu hazipatikani huko, kwa hivyo hizo ziulizwe masjala.

Nakala ya mwenendo wa kesi, na saa inayohesabu

Mwenendo wa kesi ni maandishi ya yote yaliyosemwa na kuamuliwa mahakamani. Kifungu cha 50(5) cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kupata nakala yake ndani ya muda unaofaa baada ya kesi kumalizika, kwa kulipa ada ya kadiri. Kanuni za Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 392, zinampa pia yeyote aliyeathiriwa na uamuzi nafasi ya kuomba nakala kwa malipo. Mahakama inaweza kuitoa bure ikiona sababu maalum, kwa hivyo asiye na uwezo aeleze hali yake katika barua ya ombi.

Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao. Rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu hukatwa ndani ya siku 14. Ya madai, kutoka kwa hakimu, ndani ya siku 30. Kuchapa mwenendo ulioandikwa kwa mkono kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo. Aliyeshindwa akikaa nyumbani akingoja nakala ndipo atafute wakili, anaweza kujikuta amechelewa.

Njia salama ni kuandika barua ya kuomba mwenendo na hukumu siku ile ile uamuzi unaposomwa, au kesho yake, na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Katika kesi za madai, muda ambao mahakama yenyewe inathibitisha ulitumika kuandaa nakala haujumuishwi katika zile siku 30. Uthibitisho huo huombwa kwa maandishi. Asiye na barua yenye muhuri atapata taabu kuonyesha kwamba ucheleweshaji haukuwa wake.

Mfano wa barua

Barua haihitaji Kiingereza wala lugha ya mawakili. Hii inatosha:

"Kwa Msajili wa Mahakama. KUH: Kesi nambari ____ ya mwaka ____, kati ya ____ na ____. Mimi ni mlalamikaji/mshtakiwa/mdaiwa katika kesi iliyotajwa, iliyoamuliwa tarehe ____. Naomba nakala zilizothibitishwa za mwenendo wa kesi na hukumu. Niko tayari kulipa ada inayohitajika. Naomba nijulishwe kiasi chake. Nambari yangu ya simu ni ____. Sahihi na tarehe."

Barua ya kwenda kituo cha polisi hufuata mtindo huo huo. Huelekezwa kwa mkuu wa kituo na hutaja nambari ya OB au tarehe ya tukio. Ada yoyote ilipwe kwa njia rasmi na stakabadhi itolewe. Malipo yasiyo na stakabadhi hayafai kutolewa, hata yakiitwa "ya chai".

Ukinyimwa au kunyamaziwa

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikwa na Serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuzipata, nayo inazifunga ofisi za kitaifa na za kaunti vilevile. Mambo makuu ni haya:

Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika, au aliye na ulemavu unaomzuia, anafaa kusaidiwa na afisa kuliandika na kupewa nakala yake.

Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Ada ni ya gharama ya kutoa nakala tu.

Jibu litolewe ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari zinahusu uhai au uhuru wa mtu. Muda unaweza kuongezwa mara moja, kwa siku zisizozidi 14.

Ofisi isiyo na habari hizo inafaa kulipeleka ombi kwa ofisi inayozishika ndani ya siku 5.

Aliyekataliwa ana siku 30 za kuomba uamuzi huo uangaliwe upya na Tume ya Utawala wa Haki (CAJ), maarufu kama Ofisi ya Ombudsman. Tena hapa, barua iliyopigwa muhuri ndiyo ushahidi wa siku ya kuanza kuhesabu. Malalamishi kuhusu mwenendo wa polisi hupelekwa kwa mamlaka huru ya IPOA, na yale ya huduma za masjala kwa Ombudsman wa Mahakama.

Kwa ufupi

1. Usiondoke kituoni bila nambari ya OB.
2. Hifadhi karatasi zote za matibabu na nakala ya P3.
3. Andika nambari ya kesi na jina la mahakama tangu siku ya kwanza.
4. Omba kwa barua, na ubaki na nakala yenye muhuri.
5. Lipa kwa njia rasmi, na udai stakabadhi.
6. Hesabu siku: 14 kwa rufaa ya jinai, 30 kwa rufaa ya madai, 21 kwa jibu la ombi la habari.

Na yule mama wa Mtwapa? Kadi yake ya hospitali ina tarehe aliyolazwa. Akiibeba pamoja na kitambulisho hadi kituo kinachosimamia mahali alipogongwa, kitabu cha siku hiyo kinaweza kufunguliwa na taarifa yake kutafutwa. Miezi minane imepita, lakini miaka 3 bado. Aende wiki hii.