Choo cha zamani kinamaliza maji

Swali: Choo chetu cha kukaa ni cha zamani, na kila tukiflashi simtanki linashuka. Tununue kipya?

Jibu: Kwanza tieni rangi ya chakula kwenye tangi la choo, msiflashi kwa nusu saa. Rangi ikishuka bakulini, mpira wa chini umechoka. Badilisheni huo tu, ni bei ndogo.

Kama hakivuji, nunueni chenye vitufe viwili: lita 3 kwa haja ndogo, 6 kwa kubwa. Vingi vya zamani humwaga 9 hadi 13! Ila kabla ya kulipa, pimeni kutoka ukutani hadi katikati ya bomba la maji machafu, na muangalie kama linatokea sakafuni au ukutani. Wengi huumia hapo: choo kizuri, bomba halikutani nacho.