Vyombo vya Kunduchi

Kunduchi ni kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini ya Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kinondoni. Mji umekwisha kukifikia na kukizunguka, lakini ngalawa zingali zikishushwa majini pale, na mbele yake visiwa vya Mbudya na Pangavini vyapunguza nguvu za mawimbi. Mtu akiuacha ufuko akaenda penye mibuyu, huona magofu ya msikiti wa mawe wa karne ya 15 au ya 16, na kando yake makaburi, mengi yao ya karne ya 18. Baadhi ya makaburi hayo yana nguzo ndefu, kama yale ya Kaole karibu na Bagamoyo.

Mawe yenyewe ni matumbawe. Yakatwayo baharini yakiwa mabichi huwa laini, fundi akayachonga apendavyo. Yakikauka huwa magumu. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo. Kwa hiyo nyumba ya sala ilitoka baharini, kama kilivyotoka kitoweo.

Lakini lililo kubwa ni mabakuli na sahani za kauri kutoka China, zilizopachikwa katika makaburi hayo. Zilifikaje? Mtu asidhani kwamba kila bakuli lililetwa na merikebu ya Kichina. Ni kweli kwamba merikebu za Zheng He zilifika pwani ya Afrika ya Mashariki, lakini safari zile zilikoma mwaka 1433, nayo biashara ya kauri iliendelea karne nyingi baadaye. Bidhaa hizo zilikwenda kwa vituo: kutoka China hadi bandari za Bara Hindi, kisha Uarabuni na Uajemi, ndipo majahazi yakazileta huku kwa upepo wa kaskazi, uvumao toka Desemba hadi Machi. Kusi ilipoanza, yalirudi kwao. Katika lugha yetu bakuli ni chombo na jahazi ni chombo. Basi vyombo vilibeba vyombo.

Sasa tazama faida yake kwa mwanafunzi wa historia. Kaburi lisilo na maandishi halitaji mwaka. Lakini wajuzi wa kauri hutambua, kwa udongo, rangi na michoro, bakuli lilitengenezwa zama gani. Tuseme lilitengenezwa mwaka 1700. Ikiwa chokaa iliyolishika ni moja na chokaa ya ukuta, basi lilipachikwa wakati wa kujenga, na kaburi halikujengwa kabla ya 1700. Laweza kuwa limejengwa baadaye sana, kwani huenda bakuli lilitunzwa nyumbani likarithiwa na wajukuu. Bakuli latupa mwanzo wa hesabu tu.

Katika makaburi mengi ya pwani yetu yamebaki matundu ya mviringo. Aliyebandua bakuli alipata kigae, na kaburi likapoteza tarehe yake. Kigae kilichomo mfukoni hakisemi kilitoka ukuta gani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza jambo hilo, lakini sheria haikeshi makaburini.

Darasa liendalo Kunduchi lichukue kamba ya kupimia na daftari. Kila tundu lipimwe upana, kina na kimo chake kutoka chini, nalo lichorwe mahali pake. Pengine chokaa bado ina alama ya kitako cha chombo, na kwa alama hiyo yawezekana kujua kama palikuwa na bakuli au sahani.