Usalama Nyumbani: Mfarishi Wako Umejazwa Nini?

Kati ya Juni na Agosti, familia nyingi za Taru, Samburu na Mackinnon Road hutoa blanketi na mifarishi sandukuni. Usiku huo huo koroboi huwekwa karibu na kitanda, na dawa ya mbu huachwa ikifuka hadi asubuhi.

Pwani haijasahau moto wa bweni la Shule ya Wasichana ya Bombolulu, Mazeras, Machi 1998, ulioua zaidi ya wasichana 20. Septemba 2024, wavulana 21 walifariki katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Moto ukishaanza, matandiko ndiyo kuni zake. Basi tuyajue.

Sufi: Ni laini na inapatikana kwetu, lakini nyuzi zake zimejaa hewa na hushika moto haraka sana.

Pamba: Huwaka, ila haiyeyuki. Hatari yake ni moto wa ndani: cheche huweza kufuka kwa saa nyingi bila ndimi za moto.

Poliesta: Huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 250 za Selsiasi, hudondoka na kuganda kwenye ngozi.

Sponji: Huwaka kwa kasi na kutoa moshi mweusi wenye sumu. Moshi huo huweza kuua kabla moto haujafika.

Sufu ya kondoo: Hushika moto kwa shida na mara nyingi hujizima. Bei yake ni ya juu, lakini blanketi la mitumba lenye sufu huweza kupatikana.

Jinsi ya kupima

Chomoa nyuzi chache, uzishike kwa koleo nje ya nyumba, juu ya kopo la mchanga, kisha uziwashe. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huacha kidonge kigumu cheusi. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua.

Unaponunua au kumpa fundi kazi

Chagua kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana. Chenye manyoya hushika moto upesi. Kwa mtoto, pamba ndani na pamba nje ni afadhali kuliko poliesta. Sufi au sponji ivikwe foronya nzito isiyo na tundu. Hakuna kitambaa kisichoungua kabisa, kwa hiyo weka koroboi, mshumaa na dawa ya mbu mbali na kitanda na chandarua, juu ya bati au sahani.

Moto ukitokea

Toeni watu kwanza, fungeni mlango, kisha pigeni 999 au 112. Mfarishi wa pamba uliozimwa usirudishwe ndani: upasue, uuloweshe maji na uuache nje. Aliyeungua amwagiwe maji baridi ya kawaida kwa dakika 20, na kitambaa kilichoganda kisibanduliwe. Mpelekeni kituo cha afya mara moja.

Leo kabla ya kulala, kagua kitanda cha mtoto wako.