Somo la Soko: Sanamu ya Shujaa au Kinyago cha Mpingo?

MOSHI: Maduka ya vinyago ya mji huu hupata uhai kati ya Juni na Oktoba, msimu mkubwa wa kupanda Mlima Kilimanjaro. Mgeni akishashuka kwa njia ya Mweka au Marangu huwa amebakiwa na siku moja au mbili kabla ya ndege yake pale KIA. Miguu inauma, hataki tena safari. Anazunguka mjini na dola zake, na hapo ndipo muuzaji anapopata riziki.

Juma hili hatuzungumzii twiga na tembo wa mbao wanaouzwa kwa dazeni. Msomaji wetu mmoja wa Majengo, kijana mwenye duka la simu, ametuuliza swali lisilofaa kubezwa. Anayo akiba ya dola 1,300 hivi. Amevutiwa na sanamu za mashujaa wa sinema, akina Batman, Spider-Man na Black Panther. Si vidoli vya watoto, bali zile kubwa zinazofanana na mtu hai hadi mishipa ya shingo, ambazo matajiri na hata watu wa kipato cha kati huko Marekani na Asia huzikusanya. Amesikia kwamba zipo zilizopanda bei mara mbili au tatu. Je, aagize moja iwe kitega uchumi chake?

Ndugu msomaji, kwanza tuijue bidhaa. Watengenezaji wanaojulikana ni kama Sideshow ya California, iliyoanza mwaka 1994, na Prime 1 Studio ya Japani. Sanamu nyingi za daraja hilo humwagwa kwa resini iliyochanganywa na unga wa mawe, kisha hupakwa rangi kwa mkono. Kipimo kinachopendwa ni robo ya mtu halisi, yaani shujaa husimama kama nusu mita au zaidi kidogo. Bei huanzia mamia kadhaa ya dola, na zile kubwa zaidi hufika maelfu. Chini ya kitako huandikwa namba: hii ni ya ngapi katika toleo la ngapi. Namba hiyo, pamoja na sanduku lake la awali, ndiyo nusu ya thamani. Sanamu nzuri isiyo na sanduku hushuka bei hata kama haina mkwaruzo, kwa sababu mnunuzi wa pili hujiuliza itasafirishwaje bila kuvunjika vidole.

Sasa hesabu. Tuchukue kwa mfano sanamu ya dola 600, na usafirishaji wa ndege pamoja na bima tuuweke dola 250, maana sanduku ni kubwa na wasafirishaji hutoza kwa ukubwa kama wanavyotoza kwa uzito. Mbele ya afisa forodha mzigo huo una thamani ya dola 850. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa bidhaa zilizokamilika kwa kawaida ni asilimia 25, yaani dola 212 na senti 50. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwamo: dola 191 na senti 25. Jumla ni dola 1,253 na senti 75, kabla ya tozo ndogondogo, wakala wa forodha na nauli ya kuileta Moshi.

Maana yake ni kwamba bei ya sanamu ile huko Marekani lazima ipande zaidi ya mara mbili ndipo kijana wetu arudishe fedha yake tu, na hapo bado hajalipia kuirudisha kwa mnunuzi. Kwa sababu mnunuzi hayuko Majengo wala Shanty Town. Yuko Los Angeles, Hong Kong, pengine Dubai. Mwenye hisa za kampuni iliyoandikishwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998, hufungua gazeti akaona bei ya jana. Mwenye Batman mezani haoni kitu. Bei yake ni ile atakayoitaja mtu mmoja, siku atakayojitokeza.

Yapo na mengine. Kampuni iliyotoa sanamu leo yaweza kesho kutoa nyingine ya shujaa yuleyule, iliyo nzuri zaidi, na ile ya kwanza ikapoa. Wapo pia waghushi wanaochukua sanamu halisi, wakatengeneza kalebu juu yake na kumwaga nakala. Nakala hiyo mara nyingi huwa ndogo kidogo kuliko ya asili kwa sababu resini hunywea, lakini nani mwenye ya asili pembeni ili apime? Na wanaofikiri kwamba uchache wa kutangazwa unatosha wakumbuke vidoli vya Beanie Babies vya Marekani. Watu waliviweka kabatini kama dhahabu. Mwaka 1999 kampuni ikatangaza kuvisimamisha vyote, na katika miaka iliyofuata wengi walikuta makabati yao yana vidoli tu.

Hatumkatazi kijana wetu kumpenda Black Panther. Akinunua kwa mapenzi, hiyo ni starehe yake kama mwingine anavyokwenda kula nyama choma. Lakini ameuliza habari za kitega uchumi, na sisi tunasema aangalie mtaani kwake kwanza.

Kinyago cha mpingo cha mtindo wa binadamu, kile kinachoonyesha mtu kama alivyo, mzee mwenye kiko au mama aliyejitwika mtungi, ni bidhaa ya jamii ileile: sura ya mtu hai, kazi ya mkono, idadi ndogo. Ufundi huu haukuzaliwa mlimani. Ulikuja na Wamakonde, kutoka Newala na Mtwara na ng'ambo ya Ruvuma, uwanda wa Mueda. Majina ya mabingwa yanajulikana. Mtindo wa ujamaa, ule mnara wa watu waliopandana, unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, na ule wa shetani unahusishwa na Samaki Likankoa. Yote hayo ni mambo ya miaka ya mwisho ya 1950 huko Dar es Salaam, ambako mfanyabiashara Mohamed Peera alikuwa miongoni mwa wanunuzi waliowatia moyo wachongaji. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, kazi zake zimeingia katika makusanyo ya Ulaya na Marekani. Naye alifanya kazi na wasaidizi na wanafunzi wengi, hivyo mnunuzi makini wa Lilanga leo huuliza maswali mengi kabla ya kufungua pochi.

Na hapo kwenye maswali ndipo mimi mwenyewe nilipokula hasara, nawaeleza wenzangu wasirudie. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kwa mchongaji wa kando ya barabara kichwa cha mzee, futi moja na nusu, makunyanzi na kope vimechongwa hivi kwamba mtoto wa jirani alikataa kukaa nacho chumba kimoja. Nilikaa nacho miaka sita. Akaja Mjerumani mmoja anayekusanya kazi za Wamakonde. Akakizunguka, akakigeuza chini, akauliza: nani amechonga? Nikajibu: Mmakonde. Akacheka, kwa adabu. Wapi? Mwaka gani? Ipo risiti, ipo picha? Sikuwa na lolote. Nilitaka dola 400, akanipa 120, akanieleza bila kificho kwamba anakilipia kama pambo la meza. Nilipokwenda baadaye kumtafuta mchongaji, kibanda chake kilikuwa kimegeuka duka la vocha, na majirani walijua tu kwamba alirudi kusini. Dola 280 nilizipoteza kwa kukosa kipande cha karatasi ambacho yule bwana angeniandikia bure.

Linganisheni na sanamu ya Batman. Kule kiwanda hukupa namba, cheti na sanduku. Huku hakuna kiwanda. Cheti unakitengeneza wewe siku ya kununua. Mwombe mchongaji achore jina lake na mwaka chini ya kitako. Mpige picha akiwa na tezo na patasi mkononi, kazi ikiwa bado gogo nusu. Andika kijiji alikotoka na aliyemfundisha. Mkazi wa Moshi anaweza kurudi kwa mchongaji mara tatu kazi ikiendelea, jambo ambalo mgeni wa siku mbili haliwezi hata kwa dola 1,000.

Kuhusu mti wenyewe, tahadhari. Vinyago vingi vyeusi si mpingo, ni mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu. Futa sehemu ya chini kwa kitambaa cheupe chenye maji au spiriti. Kikitoka cheusi, aga kwa heshima. Kwaruza kitako kidogo: mpingo ni mweusi au kahawia iliyoiva hadi ndani, na tabaka lake la nje ni jeupe-manjano, ambalo wachongaji wengine huliacha makusudi kama ushahidi. Kipande cha moyo wa mpingo huzama majini. Kagua nyufa pia, hasa zilizojazwa nta na kung'arishwa. Mpingo uliochongwa ungali mbichi hupasuka ukihamia nyumba kavu, nawe usiuweke dirishani jua la mchana likiupiga.

Mti huo huchukua miaka 70 na zaidi kufikia kuvunwa, na watengenezaji wa zumari za Ulaya wanauwania pamoja na wachongaji wetu. Ndiyo sababu mwaka 1996 marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa hapahapa Kilimanjaro, alianzisha pamoja na Mmarekani James Harris mradi wa kuuhifadhi na kuupanda.

Wapo wachongaji watakaokubali kumchonga hata Spider-Man ukiwalipa. Hatushauri, kwa kuwa sura hiyo ina mwenyewe na mwenyewe ana mawakili. Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, ni shujaa asiyehitaji kibali cha kampuni yoyote, na mgeni aliyetoka mlimani humsikiliza habari zake kwa makini.

Kwa hiyo kijana wetu wa Majengo tumemshauri atoe theluthi tu ya akiba yake, anunue kazi moja au mbili zenye jina, na asitegemee kuuza kabla ya miaka mitano. Akitaka mnunuzi wa ng'ambo, ajue sheria. Jamii nzima ya mpingo iliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES tangu Januari 2017. Mwaka 2019 nchi wanachama zilikubali bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa shehena moja zisihitaji vibali vya mkataba huo. Zikizidi, karatasi lazima. Taratibu za hapa nyumbani aulize ofisi za TFS kabla ya kufunga mzigo, na apeleke mizani dukani siku ya kununua, kwa kuwa kinyago cha futi mbili cha mpingo mtupu kinaweza kupita kilo 10 bila kuonekana.