Kwanza Kifua, Kisha Gari: Kumhudumia Mtu Mzima Ambaye Moyo Wake Umesimama

Moyo ukisimama, damu haizunguki tena na ubongo hukosa oksijeni. Ndani ya dakika chache, kwa kawaida 4 hadi 6, ubongo huanza kuharibika. Kukandamiza kifua hushika kazi ya moyo kwa muda: kifua kikibonyezwa damu husukumwa kwenda kwenye ubongo, kikiachiwa moyo hujaa tena. Mwaka 1960 madaktari na watafiti wa Johns Hopkins nchini Marekani walionyesha kwamba kazi hiyo inawezekana kwa mikono mitupu. Mtu yeyote anaweza kuifanya, cheti hakihitajiki.

Kosa linalorudiwa

Mtu akianguka sokoni au stendi, wengi humwagia maji, humpepea, kisha humbeba mbio hadi kwenye bajaji au teksi. Nia ni njema, lakini matokeo ni mabaya. Juu ya kiti cha gari kifua hakikandamiziki ipasavyo, na juu ya bodaboda hakikandamiziki kabisa. Mgonjwa hufikishwa hospitali wakati ubongo umekwisha kufa njiani. Kwa hiyo kazi huanzia pale pale alipoangukia. Kwanza kifua, kisha gari.

Usalama wa mwokoaji

Mwokoaji anayekufa hamwokoi mtu. Aliyenaswa na umeme haguswi hadi swichi kuu izimwe, na waya mkubwa ulioanguka chini haukaribiwi hata kidogo. Aliyezimia ndani ya kisima au shimo la choo hafuatwi humo bila vifaa, kwa sababu hewa iliyomwangusha yeye itamwangusha na anayemfuata. Aliyezimia chumbani penye jiko la mkaa hutolewa nje kwenye hewa safi. Barabarani, magari husimamishwa kwanza.

Kutambua

Mgonjwa hugongwa mabegani na kuitwa kwa sauti kubwa. Asipoitika, kifua chake hutazamwa kwa muda usiozidi sekunde 10. Hapa ndipo wengi hudanganyika: moyo uliosimama huweza kuacha pumzi za kukoroma au za kushtukashtuka, moja moja, mdomo ukifunguka kama wa samaki aliyetolewa majini. Watazamaji husema "bado anapumua" na kumwacha. Huko si kupumua. Asiyeitika na asiyepumua kama kawaida huhesabiwa kuwa moyo wake umesimama, na kazi huanza mara moja.

Mtu mwingine hupiga simu papo hapo: nchini Tanzania 112, au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, nchini Kenya 999 au 112. Mwokoaji aliye peke yake hupiga simu akiwa ameweka sauti ya nje, mikono ikiendelea na kazi.

Kukandamiza

1. Mgonjwa hulazwa chali juu ya sakafu au ardhi ngumu. Godoro halifai, kwa kuwa hubonyea badala ya kifua.
2. Mwokoaji hupiga magoti kando yake, huweka sehemu ya chini ya kiganja katikati ya kifua, juu ya mfupa wa kidari, na kiganja cha pili juu ya cha kwanza.
3. Viwiko hunyooshwa, mabega yakiwa juu ya mikono. Uzito wa mwili ndio unaobonyeza.
4. Kifua huzama sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Baada ya kila mbonyezo huachwa kiinuke chote.
5. Aliyefundishwa hutoa pumzi 2 mdomoni baada ya kila mibonyezo 30. Asiyefundishwa, au anayesita kugusa mdomo, hukandamiza tu bila kukoma.
6. Wakiwa wawili, hupokezana kila dakika 2, kwa kuwa mikono iliyochoka hubonyeza kijuujuu.

Aliyezama majini huanza kupewa pumzi kabla ya kukandamizwa, kwa kuwa kilichomwangusha ni ukosefu wa hewa. Mahali penye mashine ya kushtua moyo, huletwa na kuwashwa mara moja. Sauti yake huelekeza hatua zote.

Hofu isiyo na msingi

Mbavu huweza kuvunjika. Mbavu huungwa, ubongo uliokufa hauungwi. Kumkandamiza mtu ambaye kumbe moyo wake bado unapiga, ni mara chache humletea madhara makubwa, ilhali kumwacha ambaye moyo wake umesimama humwua. Palipo na shaka, kifua kikandamizwe.

Mwisho wa kazi

Kazi husimama mgonjwa anapoanza kupumua kama kawaida, wahudumu wa afya wanapompokea, mahali panapogeuka kuwa pa hatari, au nguvu za mwokoaji zinapoisha kabisa. Anayeanza kupumua hulazwa ubavu na kutazamwa pumzi zake bila kuachwa. Pumzi zikikatika tena, hulazwa chali na kifua hukandamizwa upya.