Mstari Unatabiri, Dalali Anakula Kwanza

Mwenye duka wa Osukuru, wilayani Tororo karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, anayetaka kununua hisa ana masoko mawili ya karibu. La Kampala liko upande wake wa mpaka. Lina kampuni chache, na mojawapo ni MTN Uganda iliyoingia Desemba 2021 kwa shilingi 200 za Uganda kwa hisa. La Nairobi liko ng'ambo ya Malaba na Busia, lipo tangu 1954, na ndiko ziliko hisa kama Safaricom ambazo kila siku hupata muuzaji na mnunuzi. Kiwanda cha Tororo Cement, ambacho wengi hapa wangependa kununua kipande chake, hakimo sokoni. Ni mali ya wenyewe. Ukifungua programu ya chati kwenye simu utakuta mstari ulionyooka katikati ya bei, jina lake rigresheni ya mstari, na mbele yake namba inayotajwa kuwa bei ya wiki ijayo. Kabla ya kuiamini namba hiyo, ikokotoe mwenyewe mara moja kwa kalamu na karatasi.

Tuseme hisa fulani ya Nairobi imefunga Ijumaa tano mfululizo kwa shilingi 20, 21, 20.50, 22 na 22.50. Wastani wake ni 21.20. Zipe wiki hizo namba 1 hadi 5. Ya katikati ni 3. Kila bei izidishe kwa umbali wa wiki yake kutoka hapo katikati: ya kwanza mara −2, ya pili mara −1, ya tatu mara 0, ya nne mara 1, ya tano mara 2. Unapata −40, −21, 0, 22 na 45, jumla yake 6. Gawanya kwa 10, ambayo ni jumla ya miraba ya umbali huo (4, 1, 0, 1, 4). Jibu ni 0.60. Huo ndio mwinuko: kwa wastani bei imekuwa ikipanda senti 60 kwa wiki. Mstari hupita kwenye wastani, yaani 21.20, katika wiki ya tatu, kwa hiyo wiki ya tano uko 22.40 na wiki ya sita utakuwa 23. Hiyo 23 ndiyo utabiri wote. Programu ya simu haina siri nyingine. Ijumaa ikifika, toa bei ya zamani kabisa, ingiza mpya, rudia. Ukitaka wiki 20 badala ya 5, na kweli 20 ni bora, usijitese kwa kalamu; Excel ina FORECAST ya kazi hiyo.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kununua, na hapa ndipo pa kusimama. Bei ya mwisho ni 22.50 na utabiri ni 23. Faida inayotarajiwa ni senti 50. Kwa mnunuzi mdogo wa Nairobi, ada ya dalali pamoja na tozo za soko hukaribia asilimia 2 ya thamani, na hukatwa unaponunua na unapouza. Asilimia 2 ya 22.50 ni senti 45. Ya 23 ni senti 46. Jumla senti 91. Utabiri ukitimia bila kukosea hata nukta, umepoteza senti 41 kwa kila hisa. Muulize dalali wako kiwango chake hasa, maana wanatofautiana, kisha ukiandike juu kabisa ya karatasi kabla ya bei yoyote. Mwinuko usioweza kulipa gharama za kuingia na kutoka ndani ya muda unaokusudia kushika hisa hauna kazi kwako, hata chati ipendeze vipi.

Tena 23 si namba moja. Ni katikati ya pengo. Linganisha bei za kweli na mstari wetu: zimeukosa kwa 0, 0.40, −0.70, 0.20 na 0.10. Ukizipitisha kwenye hesabu ya kawaida ya makosa, kwa data ya wiki tano tu, pengo la uhakika wa asilimia 95 linaanzia karibu 20.80 hadi 25.20. Yaani mstari huohuo unaosema itapanda unakubali pia kwamba inaweza kushuka hadi chini ya 21. Kipimo cha R mraba hapa ni 0.84, na wauzaji wa mafunzo ya hisa hupenda kukitaja kama cheti. Kinapima jinsi mstari ulivyozikaa bei zilizopita. Kuhusu Ijumaa ijayo hakijaapa chochote.

Faida halisi ya mstari ni kukuonyesha umekosea kwa kiasi gani. Mchambuzi wa masoko Tushar Chande alitengeneza kipimo chepesi: chukua bei ya kufunga, toa ile uliyoitabiri, gawanya kwa bei ya kufunga, zidisha kwa 100. Wiki ya sita ikifunga kwa 22 badala ya 23, unapata karibu −4.5. Ukirudia hesabu kwa bei tano mpya, mwinuko umeshuka hadi 0.40 na utabiri unaofuata ni 22.80. Kipimo kikikaa chini ya sifuri wiki tatu au nne mfululizo, mwendo umechoka ingawa mstari bado unapanda. Kwangu mimi hiyo ndiyo ishara yenye thamani kuliko utabiri wenyewe: humzuia mtu kununua akiwa amechelewa.

Kampala ina tatizo lake. Baadhi ya hisa hukaa siku nyingi bila mtu kuuza wala kununua, na bei ileile ikajiandika tena na tena. Mstari utaiona kama bei tulivu, kumbe hakuna aliyeiuliza. Angalia safu ya idadi ya hisa zilizouzwa. Kama ni sifuri, wiki hiyo iache nje ya hesabu.

Kuna pia mambo ambayo mstari hauwezi kuyajua. Bamburi, kampuni ya saruji ya Kenya iliyokuwa na Hima Cement na kiwanda chake cha hapa Tororo hadi ilipoiuza mwaka 2024, ilikuwa ikiuzwa Nairobi kwa shilingi arobaini na kitu pale Amsons ya Tanzania ilipotangaza, Julai mwaka huohuo, kuinunua kwa shilingi 65 kwa hisa. Hakuna mwinuko ungekufikisha huko. Kampuni ya Umeme, iliyokuwa ikisambaza umeme Uganda, ni kinyume chake: mkataba wake wa miaka 20 ulijulikana tangu mwanzo kwamba ungeisha Machi 2025, lakini bei za Ijumaa hazina kalenda ndani yake. Soma habari za kampuni kwanza, mstari baadaye.

La mwisho ni la watu wa mpakani hasa. Katika mwaka 2023 dola ilipanda kutoka karibu shilingi 123 za Kenya hadi karibu 157. Mstari wa miezi hiyo ungesema Machi 2024 itakuwa 165 hivi. Februari Kenya ikauza hati fungani ya dola bilioni 1.5 ili kuanza kulipa deni la hati fungani lililokuwa linaiva Juni, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 132. Wewe unayeishi kwa shilingi ya Uganda usitabiri bei ya Nairobi peke yake. Zidisha bei ya kila Ijumaa kwa kiwango cha siku hiyo kwa wabadilisha fedha wa Busia au Malaba, kisha uchore mstari wa hizo shilingi za Uganda. Na tumia kiwango wanachonunulia shilingi ya Kenya, si kile wanachouzia, kwa sababu siku ya kutoka wewe ndiye utakayekuwa unawauzia.