ELIMU KWA UMMA: Chunga Ramani Yako Isipunguzwe na Printa

Ramani ya ploti au ya nyumba ikifunguliwa kwenye kompyuta, huonekana imeenea vizuri kwenye ukurasa. Ikichapishwa, huenda ukingo mmoja ukakatwa. Huenda pia kila kitu kikatokea, lakini kikiwa kimepunguzwa. Kosa hili la pili ndilo hatari zaidi, kwa kuwa halionekani kwa macho.

Kwa nini hutokea?

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Printa nyingi za ofisini na za saiba haziwezi kuchapisha hadi ukingoni. Huacha nafasi tupu ya milimita chache kila upande. Nafasi hiyo hutofautiana kati ya printa moja na nyingine. Ndiyo sababu faili moja inaweza kutoka kwa ukubwa tofauti katika saiba mbili.

Hesabu yake

Tuseme printa inaacha milimita 5 kila upande. Eneo linalobaki ni milimita 200 kwa 287. Ili picha ya ukurasa mzima iingie humo, upana unapaswa kupunguzwa hadi asilimia 95.2 na urefu hadi asilimia 96.6. Kiwango kidogo ndicho hutumika kwa pande zote mbili, la sivyo picha itapotoka na duara litageuka yai.

Sasa chukua ploti ya mita 15 kwa 30 iliyochorwa kwa skeli ya 1:200. Kwenye karatasi inapaswa kuwa milimita 75 kwa 150. Ikipunguzwa hadi asilimia 95, anayepima kwa rula atasoma takriban mita 14.25 kwa 28.5. Fundi akiifuata rula hiyo, ukuta utajengwa pasipo mahali pake.

La kufanya

1. Kwa bango au tangazo, chagua mpangilio wa kutoshea ukurasa. Kupungua kidogo hakudhuru.

2. Kwa ramani yenye skeli, chagua ukubwa halisi, yaani asilimia 100. Isipotosha, tumia karatasi ya A3.

3. Unapochora, acha sentimita 1 tupu kila upande.

4. Hakikisha karatasi iliyochaguliwa kwenye kompyuta ni A4. Ile ya Letter, inayotumika Marekani, ni fupi kwa takriban milimita 18.

5. Weka kwenye mchoro mstari wa sentimita 10. Baada ya kuchapisha, upime kwa rula. Ukipata sentimita 9.5, chapisha upya.

Wakazi wanakumbushwa kwamba katika ujenzi, vipimo vilivyoandikwa kwa tarakimu kwenye ramani ndivyo vya kufuatwa. Karatasi ikipunguzwa, tarakimu hizo hazibadiliki.